Malalamiko kuhusu kichwa cha treni mlichokitia dikoda na sauti, kikaungua

Changamwe, Mombasa
14 Agosti 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: KICHWA CHA TRENI, MODELI NDOGO YA SKELI YA OO (1:76), KILICHOFANYIWA KAZI KATIKA KARAKANA YENU

Tarehe 3 Juni niliwaletea kwa mkono wangu kichwa cha treni cha modeli, mfano wa Class 37, kichwa cha dizeli cha Uingereza, wa rangi ya buluu, uliotengenezwa Uingereza na Tri-ang Hornby, mkitoe kwenye mfumo wa zamani mkitie dijitali, yaani dikoda (kibao kidogo cha elektroniki kinachopokea amri za rimoti na kuiendesha mota), pamoja na sauti. Siku hiyohiyo nililipa shilingi 34,500 kwa M-Pesa, kazi na vifaa. Kilinifikia kwa basi tarehe 19 Julai. Kesho yake, saa kumi jioni, kiliungua juu ya meza yangu. Nimewapigia simu mara nne. Kila mara naambiwa kwamba modeli yenyewe ni kuukuu, na kwamba nimepoteza dhamana kwa kukifungua. Majibu hayo siyakubali.

Mimi ni fundi mstaafu wa injini za dizeli. Niliingia karakana ya reli ya Nairobi mwaka 1974, enzi za East African Railways, na nimekula chumvi nyingi chini ya vichwa vya dizeli vya daraja (yaani aina) la 87. Vile viliundwa Vulcan Foundry, mjini Newton-le-Willows, na tumboni mwao mlikuwa na injini ya English Electric 12CSVT: silinda 12 za umbo la V, mipigo minne, na tabo (feni inayosukumia injini hewa) juu yake. Class 37 ya Waingereza, ambazo zilijengwa 309 kati ya 1960 na 1965, zilibeba injini ya aina hiyohiyo. Za kwao zilitoa nguvu za farasi 1,750, zetu 1,840. Nilipopelekwa kozi Uingereza mwaka 1979, nilisimama stesheni moja asubuhi ya baridi, likapita treni la mizigo, nikasikia mngurumo ule ule niliouacha nyumbani. Jumamosi yake nilikikuta hiki kidogo kwenye dirisha la duka la vitu vilivyotumika. Sikuuliza bei mara mbili.

Hiyo ndiyo sababu kwenye fomu yenu niliandika kwa kalamu yangu: "Sauti iwe ya English Electric 12CSVT, si nyingine." Nakala ya fomu nimeiambatisha. Mstari huo uko chini ya sahihi ya kijana wenu wa mapokezi.

Sasa nieleze kilichotokea. Nilikiweka relini, nikaita anwani 3, namba ya dikoda hiyo, kwenye rimoti, nikabonyeza kitufe cha kuwasha injini. Kikawaka. Lakini sauti ilikuwa ya dizeli ya Kimarekani ya mipigo miwili, ule mvumo wa haraka usio na mapumziko kati ya pigo na pigo. Nilipobonyeza kitufe kinachofuata ikalia kengele. Kengele ya kugonga, kama ile inayolia vichwa vya Marekani vikikaribia kivuko cha barabara! Daraja la 87 halikuwa na kengele, wala Class 37 haina. Injini ya 12CSVT ikiwa imetulia mngurumo wake ni mzito na wa taratibu, na juu yake unasikia tabo likipiga mluzi mwembamba. Ukifungua mafuta, mngurumo unapanda na mluzi unapanda nao. Waingereza waliibandika Class 37 jina la trekta kwa ajili ya mlio huo. Sisi tulikuwa tukiusikia kutoka mbali, kichwa kikipanda kuelekea Mazeras na mabehewa ya mizigo nyuma, na mzee wangu wa kazi alikuwa akitaja namba ya kichwa kabla hakijaonekana.

Nilipouliza kwa simu, niliambiwa: "Mzee, sauti ya dizeli ni sauti ya dizeli." Neno hilo limeniuma kuliko hasara ya pesa. Kuna dikoda zinazokubali kupakiwa sauti upya kwa kompyuta, na rekodi za 12CSVT zinauzwa tayari. Nyinyi mlinunua ya bei nafuu ambayo sauti yake imefungwa tangu kiwandani, mkanitoza bei ya ile nyingine. Risiti yenu inasema "dikoda ya sauti inayopakiwa". Iliyomo ndani si hiyo.

Hata hivyo niliamua kukiendesha. Mzunguko wa kwanza kilikwenda vizuri, wa pili kikaanza kushtukashtuka, wa tatu nikasikia harufu ya plastiki. Kufika kwangu kwenye swichi, moshi ulikuwa umeshatoka kwenye grili ya pembeni. Paa limejikunja na kuacha shimo la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa amekaa kiti cha mbele, uso wake haukuwa mbali na meza hata mkono mmoja.

Ndiyo, nilikifungua. Fundi gani anaacha kitu kinachofuka moshi kimefungwa? Na nilichokikuta ndicho kiini cha barua hii.

Modeli za zamani zinakula umeme wa volti 12 moja kwa moja kutoka relini. Ukiongeza volti inakimbia, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma. Watengenezaji wa wakati ule waliokoa waya kwa kuuegemeza upande mmoja wa mota kwenye fremu ya chuma, fremu nayo inapata umeme wake kwenye magurudumu ya upande mmoja. Kwenye mfumo wa zamani haina madhara yoyote. Kwenye dijitali ni sumu, kwa sababu reli ina umeme wakati wote, na dikoda ndiyo inayopaswa kuamua mota ipate kiasi gani. Mota ikigusa reli kwa njia yoyote nyingine, umeme unaingia dikodani kwa mlango wa kutokea, na inaungua mara moja. Kila fundi wa kazi hii anajua kwamba jambo la kwanza kwa kichwa cha zamani, kabla hata ya kufungua pakiti ya dikoda, ni kuitenga mota na fremu, kisha kupima kwa mita ya umeme mpaka uhakikishe hakuna njia iliyobaki.

Nyinyi mliitenga kwa selotepu. Selotepu ya kufungia bahasha! Vipande viwili vilivyokunjwa chini ya brashi (kipande cha kaboni kinachopeleka umeme motani), mahali panapopata joto kuliko pote ndani ya kichwa. Gundi imelainika, chuma kimetoboa, shoti ikapatikana. Nilipogusisha mita kwenye gurudumu la kulia na kwenye waya wa kijivu unaokwenda motani, ililia. Dikoda ina doa jeusi katikati, na waya wa machungwa umeyeyuka ganda kwa urefu wa sentimita mbili. Kipande cha ule mpira unaobana ukipashwa moto kingetosha kuzuia yote haya, na bei yake haifiki shilingi hamsini.

Picha saba nimeziambatisha. Selotepu yenyewe nimeihifadhi kwenye bahasha, na mtu wenu akitaka kuiona aje.

Kuhusu uzee: kichwa mlikiona mezani kwenu kabla ya kupokea pesa. Mlikigeuza, mkakiendesha kwa umeme wa kawaida, mkaandika "mota nzima" kwenye fomu. Kama hamkuwa na ujuzi wa modeli za aina hiyo mngenirudishia siku ile, na ningewashukuru. Mota ile imefanya kazi tangu kabla sijainunua na hata sasa inazunguka, nimeipima nje ya fremu. Kilichokufa ni kile mlichokiweka nyinyi.

Liko jambo lingine ambalo sikulijua mpaka nilipokipima kwenye mizani ya jikoni. Ili spika ipate nafasi mmeondoa kile kipande cha uzito wa chuma kilichokuwa juu ya bogi (fremu ya magurudumu) ya nyuma, bila kuniuliza. Kichwa sasa kinateleza hata kwa mabehewa mawili. Spika nayo imebandikwa wazi, haina kisanduku nyuma yake, ndiyo maana sauti inatoka nyembamba kama ya redio ya mfukoni.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 34,500 zote. Mnirudishie kile kipande cha uzito, ambacho ni mali yangu na hakikuwa taka. Na mgharamie bodi nyingine, yaani ganda la nje, ya modeli hiyohiyo badala ya hii iliyoyeyuka. Zinapatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika Uingereza, na nitawatumia viungo vya mauzo mkikubali. Kazi ya kukitia dijitali upya sitawapa nyinyi. Nitaifanya mwenyewe, pole pole, na mjukuu wangu ashike tochi.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza huduma atoe huduma ya kiwango kinachokubalika. Nawapa siku 21 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitafungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo, na bahasha ya selotepu nitaenda nayo.

Nasubiri jibu lenu kwa anwani na namba mliyo nayo kwenye fomu.

Wenu,
Mteja, fundi mstaafu wa reli
Changamwe

Viambatisho: nakala ya fomu, nakala ya risiti, picha saba.