Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wasikilizaji Hawapo, au Redio Haiwafikii?

Ndugu wanachama, wapenzi wa jazi na klasiki,

Nianze na jambo lililotuuma wote. Mwaka huu kituo tulichokuwa tukikitegemea kwa muziki wa jazi kiliondoa vipindi vyake vya jioni, kikaweka nyimbo zilezile zinazopigwa kila mahali. Tulipokwenda kuonana na meneja alitupokea vizuri na kutusikiliza hadi mwisho, kisha akatujibu kwa maneno mawili: wasikilizaji hawapo. Tulitoka pale tumenyong'onyea. Tukiwa njiani, mjumbe mmoja wa kamati akauliza swali ambalo limetushughulisha mwaka mzima: hawapo, au redio haiwafikii?

Tukaamua kuanzia majumbani mwetu. Kila aliyekubali aliandika aina ya redio yake, chumba anachosikilizia, saa, na jinsi sauti ilivyokuwa. Nyumba moja nilikwenda mwenyewe, kwa mama mmoja ambaye ni mwanachama wetu wa siku nyingi. Redio yake iko juu ya kabati la jikoni. Sebuleni, karibu na dirisha, kituo kile kilisikika safi. Tulipoirudisha jikoni, hatua chache tu ndani, ikaanza kukwaruza. Akaishika antena kwa vidole viwili, muziki ukarudi. Akaiachia, mkwaruzo ukarudi. Akaniambia, "Mwenyekiti, mimi jioni niko jikoni. Nikitaka kusikiliza lazima niache kupika." Huyu kwenye hesabu za kituo ni mtu asiyependa jazi.

Naomba mnivumilie kidogo kwenye ufundi, maana hapa ndipo penye kiini. FM hutumia masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108, na mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kwenye ardhi tambarare, mafundi hukadiria umbali kwa kuchukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, kisha kuzidisha kwa 4.1. Antena ya mita 100 huona takriban kilomita 41, na ya mita 25 nusu ya hapo. Mlima ukikaa katikati, waliopo nyuma yake hupata mabaki. Karatasi zetu zimeonyesha hivyohivyo: malalamiko mengi yalitoka upande mmoja, nyuma ya kilima, na sehemu kubwa ya yaliyobaki yalitoka kwenye vyumba vya ndani vyenye kuta nene.

Wengi wetu tulidhani dawa ni kuongeza wati. Inasaidia, lakini si kama tulivyofikiri. Kuongeza nguvu mara mbili huleta desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha kulinganisha ukali wa mawimbi), na ili mawimbi yanayomfikia msikilizaji yawe na ukali maradufu, mtambo unahitaji nguvu mara nne. Mara nyingi fedha hiyo ingezaa zaidi kwa kuinua antena.

Lipo jambo jingine ambalo sikulijua kabla ya mwaka huu. Mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu yanataka ukali wa desibeli 48 ili FM isikike vizuri vijijini kwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, na 54 kwa stirio, yaani sauti ya mikondo miwili, kushoto na kulia. Pengo hilo la desibeli 6 maana yake ni ukali maradufu. Na muziki wetu ndio unaoumia zaidi. Nyimbo zinazovuma hubanwa sauti ili zisikike kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mkwaruzo hufichika chini yake. Klasiki au jazi ina mahali ambapo piano inabaki peke yake, polepole, karibu na ukimya. Hapo ndipo mkwaruzo unapotawala, na msikilizaji anabadilisha kituo.

Sasa tazameni hesabu ya biashara. Tuchukue kwa mfano kwamba katika kila watu 100 mmoja tu ndiye mpenzi wa muziki huu. Kituo cha muziki wa wengi kinaweza kuishi kwa kata chache zilizo jirani na mnara. Chetu kinalazimika kuwakusanya watu wake kutoka mbali, na umbali ukipungua kutoka kilomita 40 hadi 20, eneo linalobaki ni robo tu. Kwa maneno mengine, muziki wa wachache ndio unaohitaji usikivu mpana na safi kuliko wote, nao ndio unaopewa mtambo hafifu au saa za mwisho wa usiku. Hilo ndilo ninalotaka tulisimamie mbele ya kila meneja.

Mifano ipo. Uingereza, Classic FM ilianza mwaka 1992 ikiwa na masafa yanayofika karibu nchi nzima, na muziki wa klasiki ukapata watangazaji wa biashara wa kuulipia. New York, WQXR, kituo cha klasiki, ilihamishwa mwaka 2009 kutoka 96.3 kwenda 105.9, na nguvu yake ikashuka kutoka takriban wati 6,000 hadi 600. Haikufa, lakini iliingia mikononi mwa redio ya umma na kuanza kuishi kwa michango ya wasikilizaji.

Lazima pia niseme ukweli usiotupendeza. Usikivu mzuri peke yake hautoshi. Kituo cha WQCD cha New York kiliacha jazi laini mwaka 2008, na WNUA cha Chicago kikafuata mwaka 2009, ilhali vyote viwili vilisikika vizuri katika miji mikubwa. Ni miaka hiyohiyo ambapo upimaji wa wasikilizaji kule Marekani ulikuwa ukihama kutoka shajara za karatasi kwenda vifaa ambavyo mtu hutembea navyo na ambavyo hunasa vyenyewe anachosikia, na wengi katika fani waliyahusisha mambo hayo mawili. Kwa hiyo tukienda kwa meneja na ramani ya usikivu bila kumwonyesha nani atalipa, tumekwenda nusu.

Kinachonipa moyo ni yaliyotokea eneo la Seattle na Tacoma. Chuo kilichomiliki KPLU, kituo cha jazi, blues na habari, kilitaka kukiuza mwaka 2015. Wasikilizaji wakachangishana dola milioni 7 na mwaka 2016 kituo kikawa chao, kwa jina jipya la KNKX.

Baadhi yenu mmesema tuachane na FM, twende mtandaoni. Nimelifikiria sana. Mtandaoni hakuna kilima, ni kweli. Lakini kila msikilizaji anayeongezeka hula bando lake na kuongeza mzigo kwa mwenye kituo, wakati mnara mmoja huwahudumia watu kumi au laki moja kwa umeme uleule. Tuwe na vyote viwili, ila FM tusiiache kwa hiari yetu.

Hesabu ataziwasilisha Mweka Hazina. Mimi sina la kuongeza.

Meneja amekubali kukutana nasi tena, na safari hii tunakwenda na ramani yetu. Tutamwomba ajaribu kurusha kipindi cha jioni kwa mono, jambo lisilohitaji mtambo mpya, na akadirie gharama ya kuinua antena. Kwa upande wetu, kamati inaomba idhini yenu kufungua mfuko wa wasikilizaji, ili tukiulizwa nani atalipa tuwe na jibu mkononi. Hilo litapigiwa kura leo.

Baada ya mkutano, fundi wetu atawaonyesha namna ya kutengeneza antena ya waya: mikono miwili ya sentimita 75 kila mmoja, inayonyoshwa ukutani karibu na dirisha. Yule mama wa jikoni alifungiwa ya kwanza. Amenipigia simu kusema kituo kinashika, ingawa wakati ule vipindi vya jioni vilikuwa tayari vimeondolewa.