Kabla hujanunua pampu mpya, kifahamu kisima chako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye nyumba wenzangu wa pembezoni mwa Dar es Salaam, sisi wa Kigamboni, Chanika, Mbagala, Goba mpaka Kibaha, ambao maji tunayaoga na kuyapikia yanatoka kwenye kisima kilichochimbwa uani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, naishi Kibada, na kisima changu kinahudumia nyumba yangu pamoja na majirani wanaokuja na ndoo. Tangu mgao ule wa mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungukiwa maji, visima vimeongezeka sana mtaani kwetu. Ujuzi wa kuvitunza haujaongezeka, na hilo linatula fedha nyingi kuliko tunavyodhani.

Kiangazi kilichopita pampu yangu, ya aina inayoning'inia majini ndani ya kisima, iligoma. Ukiiwasha inanguruma, halafu baada ya sekunde chache swichi ya usalama inakata. Fundi aliyeitwa aliinama kwenye mdomo wa kisima, akasikiliza, akasema mota imeungua, itolewe, nitafute nyingine. Boksi la kuwashia hakulifungua. Tesa ya kupimia umeme hakuwa nayo. Nilimshukuru, nikampa nauli yake, nikamwita fundi umeme mwenye leseni. Huyu alizima swichi kuu, akafungua boksi, na tatizo likaonekana kwa macho: kapasita imevimba kichwani kama chupa ya soda iliyosahaulika kwenye friza. Ilinunuliwa nyingine yenye namba zilezile kwa shilingi elfu kumi na tano, na jioni ile maji yalipanda tankini. Pampu ya nguvu ile ingenigharimu laki kadhaa, bado ujira wa kuitoa na kuishusha.

Nataka msomaji aelewe kwa nini. Mota ya umeme wa fezi moja haiwezi kuanza kuzunguka bila kusaidiwa, na kapasita ndiyo inayoipa msukumo wa kwanza. Kapasita ikichoka, mota inabaki inanguruma papo hapo huku ikivuta umeme mwingi, mpaka kinga ikate. Dalili hizohizo unaweza kuzipata umeme unapokuwa mdogo. Mitaa mingi huku, kuanzia saa moja jioni, taa zinafifia kwa sababu kila nyumba inawasha vitu vyake. Pampu iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipewa 180 inahangaika tu. Kwa hiyo mwambie fundi apime volti wakati pampu inajaribu kuwaka, maana ikiwa imezimwa kipimo kitakuonyesha umeme mzuri na utadanganyika. Na jambo moja la hatari: kapasita hubaki na chaji hata umeme ukizimwa. Usiiguse kama hujui namna ya kuitoa chaji hiyo.

Pampu inayowaka vizuri lakini maji hayafiki ina habari nyingine. Zima redio, watoto wanyamaze, weka sikio kwenye mdomo wa kisima huku pampu ikifanya kazi. Ukisikia maji yanamwagika ndani, bomba limetoboka au limeachia kwenye maungio, na pampu yenyewe ni nzima. Usiposikia kitu, pima maji yamesimama wapi. Chukua kamba nyembamba, funga nati nzito mwishoni, ishushe taratibu mpaka usikie imegusa maji, tia alama, uivute na kuipima. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, utakuta maji yameshuka, pengine yako karibu na pampu kabisa. Hapo zima, usiendelee kulazimisha, kwa sababu mota hizi hupozwa na maji yanayoizunguka. Ikizungukia mkavu inaungua kweli.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi wetu tunanunua kisima bila karatasi. Mchimbaji anakuja na mashine, anachimba, maji yanaruka, tunapiga picha, anapokea chake na kuondoka. Miaka michache baadaye pampu inakufa na hakuna mtu nyumbani anayejua kisima kina mita ngapi, maji yanasimama wapi, yanashuka mpaka wapi pampu ikivuta kwa saa moja, chujio la chini linaanzia mita ya ngapi, pampu imening'inizwa wapi, na bomba ni la inchi ngapi. Bila namba hizo, dukani unauziwa chochote. Unaambiwa “hii ni hosipawa moja, mama, inatosha,” na wewe unaitikia.

Hosipawa, yaani nguvu ya mota, peke yake haikwambii kitu. Tuseme maji yako yanashuka mpaka mita 35 pampu ikivuta, na mdomo wa tanki uko mita 6 juu ya ardhi. Hapo tayari ni mita 41, na ongeza mita chache kwa ajili ya msuguano ndani ya bomba na kila kona uliyoweka, iwe kama 45. Sasa tazama kibao kwenye pampu. Kimeandikwa mita za juu kabisa, tuseme 50, na muuzaji anakuonyesha kwa kidole kwamba 50 ni kubwa kuliko 45. Hiyo 50 ndiyo kimo ambacho pampu ikifika haitoi tena hata tone. Kwa mita 45 utapata maji kidogo mno na mota itafanya kazi kutwa, uniti za umeme wa LUKU zinayeyuka. Nimefundisha shinikizo la vimiminika kwa miaka mingi darasani, na nasema kwa uchungu kwamba hesabu hii ya sekondari ingewaokoa majirani zangu malaki ya fedha.

Mwaka jana niliona kwa karibu gharama ya kukosa karatasi. Kisima cha jirani yangu, mama mjane mwenye wapangaji, kilinyamaza. Fundi umeme alipima nyaya zinazoshuka kisimani kwa kifaa cha kupima insuleshini, akakuta umeme unavuja majini. Ilibidi pampu itolewe. Bomba lilikuwa la plastiki la roli, la inchi moja, kwa hiyo tuliweza wenyewe pamoja na vijana wa mtaa. Bomba la namna hiyo hubeba karibu nusu lita ya maji kwa kila mita, na valvu ya kuzuia maji kurudi ikiwa nzima, linatoka likiwa limejaa. Kwa mita 50 ni kilo 25 za maji tu, ongeza pampu, waya na bomba lenyewe. Wanaume watatu wenye glovu wanaliweza. Kama kisima chako kina mabomba ya chuma, usijaribu. Hiyo ni kazi ya stendi ya miguu mitatu na mnyororo, na bomba likiponyoka linakwenda chini na pampu yote, kisima kimekufa.

Wawili walivuta, mmoja alishika kamba ya usalama na kuizungusha kwenye nguzo kila ilipolegea, na watoto wakubwa walilipokea bomba na kutembea nalo kando ya uzio kwa duara pana, maana likikunjwa kwa ghafla linavunjika na halifai tena. Hakuna aliyeruhusiwa kushika waya. Waya wa umeme hauvutwi hata kidogo. Mimi nilikaa na kisu kifupi nikikata tepu zilizofunga waya kwenye bomba, makali yakiangalia nje, upande wa mbali na waya. Pampu ilipotoka ilikuwa na ute wa rangi ya kutu, na tundu la kuvutia limeziba mchanga. Maungio ya waya yalikuwa yamefungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli na tepu ya kawaida ya umeme. Ilikuwa imelegea, unaifungua kwa kucha. Tulipopima kisima ndipo tukaelewa: pampu ilikuwa imeshushwa mpaka karibu iguse chini, ikala mchanga tangu siku ya kwanza. Mpya tuliining'iniza mita tano juu ya sakafu ya kisima, maungio yakafungwa kwa mpira maalumu unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani, na fundi umeme akaunganisha upande wake. Nilimwandikia mama yule namba zote kwenye karatasi ngumu, tukaibandika ndani ya mlango wa boksi.

Mkishamaliza, kumbukeni mikono, kamba na bomba vimegusa ardhi. Safisheni kisima kabla mtu hajanywa. Kwa kisima chenye bomba la inchi tano, kila mita ya maji ni lita 12 na ushee. Kama kuna mita 20 za maji, hiyo ni kama lita 250, na theluthi ya lita ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe (blichi) isiyo na manukato, yenye klorini ya asilimia 3.5, inatosha. Ichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji safi, imimine, fungua kila koki mpaka usikie harufu, funga, acha mpaka kesho yake, kisha toa maji yale mbali na bustani mpaka harufu iishe. Wapangaji waambiwe mapema.

Mambo ya ndani ya nyumba ni mepesi zaidi na hayahitaji barua ndefu. Koki inayodondosha mara nyingi inataka raba mpya tu ya mia chache. Funga kwanza geti valvu, yaani koki kuu ya maji. Tanki la choo ukilitilia shaka, mimina humo chai ya rangi iliyopoa, kaa kama nusu saa bila kuvuta, na ukiona rangi imefika kwenye bakuli ujue raba ya chini inavuja usiku kucha. Sisi wa pwani wenye maji ya chumvi tuache kabisa mabomba ya chuma na koki za bei ya chini. Chumvi inazila.

Hata hivyo, kuna kazi ambazo mwenye nyumba asiziguse, na nasema hili kwa msisitizo wote nilio nao. Kuunganisha pampu na umeme wa nyumba ni kazi ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Maji, chuma na waya uliochubuka ndani ya shimo havimsamehe mtu. La pili ni visima vya kuchimba kwa mkono. Pampu inayokaa juu ya ardhi haiwezi kunyonya maji yaliyo chini zaidi ya mita saba au nane, hata iwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu kinachoyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa, na uzito huo una kikomo. Watu wakiona haivuti, wanaishusha pampu ya petroli ndani ya kisima, na kijana anashuka nayo kuiwasha. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na shimoni hauna pa kutokea. Kijana anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Hata bila pampu, kisima kilichofunikwa kwa muda mrefu kinaweza kukosa hewa ya kutosha. Asishuke mtu. Kama kuna mtu ameanguka, pitisheni hewa shimoni kwanza na muite Zimamoto kwa 114, hata kama moyo unawaambia mruke.

Najua baadhi ya mafundi watasema nawanyang'anya riziki. Mafundi wazuri ninao na nawaheshimu. Yule wa umeme aliyenibadilishia kapasita amepata kazi kwa majirani wangu wote. Lakini tuseme ukweli upande wetu pia. Tunamwita fundi, anakagua, tunampa “asante” na mia tano ya maji. Tunamlipa pale tu anapobadilisha kitu. Basi atabadilisha. Tukianza kulipia ukaguzi, elfu kumi au ishirini ya kueleweka kabla hajafungua begi, atakuwa na sababu ya kutuambia kwamba pampu ni nzima.

Kwa wachimbaji: uchimbaji wa visima uko chini ya leseni na vibali kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na sisi wa Dar es Salaam tunahusika na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Namba za kisima mnazo, mmezipata wakati mnachimba. Muachieni mwenye nyumba nakala. Na wenye nyumba mnaochimba mwaka huu, msimalize malipo mpaka karatasi iwe mkononi. Mimi nilishikilia sehemu ya mwisho ya fedha, mchimbaji akanung'unika, na mwisho wa wiki aliileta, imepigwa chapa na kutiwa saini.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Kibada, Kigamboni