Barua kutoka Puglia: mezani bila menyu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa mama na kwa watoto. Mie sijambo, na baridi ya huku Puglia, kusini mwa Italia, imeshalegea. Najua uliniuliza habari za kazi, lakini hizo zitangoja. Leo nina habari za chakula, na chakula ndiyo fani yako.

Bibi ninayemtunza ametimiza miaka 85, basi bintiye akatutoa tukale shambani, huko kati ya Fasano na Ostuni, kwenye ile tambarare ya mizeituni inayoshuka mpaka bahari ya Adriatiki. Nyumba za mashamba hayo huitwa masseria: kuta nene za mawe, chokaa nyeupe pe, na ua katikati. Ungedhani mtu kaing'oa nyumba ya Lamu akaja kuitua shambani.

Kwanza, hakuna menyu. Ukipiga simu kuweka nafasi unaulizwa mko wangapi na kipi hamli, basi. Nikawaambia nguruwe sili, divai sinywi, na nyama nyingine pia waniwie radhi. Nilidhani watanuna. Wala! Wakasema mwezi wa nne shamba limejaa mboga, nisiwe na wasiwasi. Na si mbwembwe zao tu. Italia ina sheria ya hizi agriturismo, yaani mashamba yanayopokea wageni, namba 96 ya mwaka 2006: anayepokea wageni lazima abaki mkulima kwanza, na anachokitia mezani kwa sehemu kubwa kitoke kwake au kwa wakulima wa eneo lake. Kwa hiyo huwezi kukodi nyumba nzuri mashambani, ukajaza friza, ukajiita hivyo.

Wakaanza kuleta. Fava mbichi, yale maharagwe mapana ambayo Waarabu huyaita ful, zikiwa bado kwenye maganda yake; unajimenyea mwenyewe na kutafuna na jibini ya kondoo. Atichoki za kukaanga. Vijitunguu vya mwitu viitwavyo lampascioni, vichungu kidogo, vimelowekwa kwenye siki. Mkate wa ngano ngumu wenye ganda la kuvunjia meno. Hayo yote ni ya kufungulia kinywa tu, shoga, na mie kwa ujinga nikawa nishashiba nusu.

Halafu likaja sahani lenyewe, fave e cicoria. Ni fava kavu zilizomenywa, zikachemshwa polepole kwenye chungu cha udongo kando ya moto mpaka zikajiyeyukia, zikapondwa kwa mwiko na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Ubavuni mwake majani ya cicoria, yamechemshwa tu, bila mapambo. Nikatia tonge mdomoni, nikamkumbuka mama yako palepale. Mchunga! Uchungu uleule unaokaa nyuma ya ulimi. Na si kufanana kwa bahati: mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, kata bua la wowote utaona utomvu mweupe. Sasa fikiria, kile ambacho kwetu mtu akitembelewa na mgeni hukificha nyuma ya pilau, hawa wanakileta katikati ya meza, tena kwa madaha.

Bibi alikitazama, akacheka. “Utotoni nilikula hiki kila siku kwa kuwa hakukuwa na kingine,” akasema. “Leo mwanangu ananilipia yuro 35 nikile tena.” Kisha akaomba aongezwe.

Ikaja pasta, orecchiette na nyanya. Nikajua nimewakamata, maana mwezi wa nne shambani nyanya hakuna. Nikamuuliza mpishi alipotoka kuwasalimu wageni. Akanipeleka ghalani: mashada ya nyanya ndogo yananing'inia darini, zimefungwa kwa uzi wa pamba. Ni aina iitwayo Regina, inalimwa pwani ya Torre Canne. Ngozi yake nene, huchumwa kiangazi, na ikitundikwa hivyo hustahimili majira yote ya baridi. Zilikuwa zimenywea, lakini utamu wake umekolea haswa. “Ukitaka mbichi,” akaniambia, “rudi mwezi wa saba.”

Mwenye shamba yeye hakuzungumza chakula, alizungumza miti. Kusini, upande wa Lecce, nimeona kwa macho yangu kutoka dirisha la treni mizeituni mikavu ya kijivu, shamba baada ya shamba. Ni bakteria, Xylella fastidiosa, iliyogunduliwa karibu na Gallipoli mwaka 2013. Mdudu mdogo anayefyonza maji ya mimea huibeba, nayo huziba mishipa ya mti mpaka mti unakufa kwa kiu. Mamilioni ya mizeituni imekwisha, na ugonjwa umepanda kaskazini. Yeye ana mikongwe yenye mashina yaliyosokotana, na pembeni kaanza kupanda aina ya Leccino inayouvumilia. Anasema pesa za meza zile ndizo zinazonunua miche.

Sasa lile wazo lako la kupikia wageni kwenye shamba la mama kule Gede. Mie naona liwezekane, ila acha hiyo orodha ya vyakula arobaini uliyonitumia. Hotelini unapika spageti ileile mwaka mzima kwa kuwa mgeni kaizoea. Shambani una majira yako: mvua ikinyesha mchunga na mnavu huota wenyewe, maembe yana miezi yake, na kusi ikivuma bahari ikachafuka, samaki wakaadimika, mwambie mgeni ukweli na umpe kunde. Waitaliano wa Malindi watakuelewa upesi kuliko sisi wenyewe.

Lakini piga hesabu za barabara. Hapa pote palijaa magari ya watu wa Bari wenye mishahara. Asiye na gari hafiki. Na wenzetu Waafrika wanaochuma nyanya kule Foggia kiangazi, kwenye jua lile, hawafiki kabisa. Utakapopanga bei, weka na sahani ambayo jirani ataimudu.

Nijibu hili upesi: mama huuchemsha mchunga mara ngapi kabla ya kuutia nazi? Nimejaribu kwa cicoria ya sokoni na tui la kopo. Bibi kala yote, kisha kasema chumvi haikutosha.

Wako akupendaye,
shoga yako wa Puglia