Blogu za Kiswahili zinahitaji kufanyiwa usafi kila mwaka

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie blogu binafsi za Kiswahili, hasa zile zilizoanzishwa miaka ya 2004 hadi 2012, zama ambazo Ndesanjo Macha, mwanablogu wa Kitanzania, alikuwa akiandika blogu yake ya Jikomboe na kuwahimiza wenzake waandike kwa lugha yao. Husemwa kwamba blogu hizo zimekufa kwa sababu wenyewe wamehamia mitandao ya kijamii. Lakini zifungue moja moja uone. Nyingi bado ziko hewani. Vilivyooza ni vilivyomo ndani. Picha zimebaki viboksi vitupu, viungo vinakupeleka kusikojulikana, na andiko linasema "juzi" bila kukuambia juzi ya lini. Kuacha kuandika hakuiui blogu. Inaliwa polepole pale mwenyewe anapoacha kurudi kusoma alichokwisha kuandika.

Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kwa lugha yenye kurasa nyingi, pengo hilo huzibwa na kurasa nyingine. Kwetu, andiko moja la namna ya kusuka mkeka wa ukindu, au la bei za sokoni Kariakoo mwaka 2008, laweza kuwa ndilo pekee. Ndiyo maana nawasihi wenye blogu watenge siku mbili kila mwaka za kufanya usafi kabla ya kuandika kipya chochote.

Kazi ianze na nakala ya akiba. Kwenye Blogger, huduma ya blogu ya Google, ingia Mipangilio, shuka hadi sehemu ya kudhibiti blogu, kisha chagua kuhifadhi nakala ya maudhui. Utapata faili yenye maandiko na maoni ya wasomaji. Kwenye WordPress, mfumo mwingine wa kuendesha blogu, faili kama hiyo iko sehemu ya Zana, mahali pa kuhamisha maudhui nje. Hapa ndipo wengi hujikwaa: faili hiyo haina picha. Ina anwani za picha tu, na picha zenyewe zinabaki kwenye seva. Blogu ikifutwa, picha zaweza kuondoka nayo, na faili yako ikabaki na anwani zisizofungua kitu. Kwa hiyo picha zipakue kando, uziweke kwenye folda za mwaka na mwezi, mfano 2009-03, na kila faili uipe jina linaloeleweka badala ya IMG_0147. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nje ya nyumba, iwe kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi isitegemewe peke yake, maana ikikaa miaka drooni bila kuguswa yaweza kugoma kusoma siku unayoihitaji.

Nakala isiyojaribiwa usiihesabu. Fungua blogu ya majaribio, izuie isionekane kwenye injini za utafutaji, ingiza ile faili, na uzime swichi ya kuchapisha maandiko papo hapo. Kisha fungua maandiko matano ya miaka tofauti. Yakitokea na aya zake, tarehe zake na maoni yake, nakala yako ni nzima.

Waliofunga blogu kwa haraka walilipa gharama ya kutokufanya hivyo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka Tanzania mwaka 2018, leseni ikiwa shilingi milioni 1 na ada ya maombi shilingi 100,000, wapo waandishi walioona heri wafunge. Kanuni hizo ziliandikwa upya mwaka 2020 na zimerekebishwa tena baadaye, hivyo anayetaka kurudi asome zilizopo sasa, asitegemee alichosikia enzi zile. Lakini aliyefuta blogu bila kuchukua nakala hana pa kurudia, hata kanuni zikilegezwa vipi.

Tuje kwenye picha. Sababu kubwa ya viboksi vitupu ni kwamba picha ilikuwa imehifadhiwa kwa mtu mwingine. Katikati ya mwaka 2017 Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, ilianza kudai dola 399.99 kwa mwaka kwa wanaotaka picha zao zionekane kwenye tovuti nyingine, na blogu chungu nzima duniani zikageuka ghafla kuta za vibao vya tangazo. Upande wa Blogger, picha za miaka ile zilikaa Picasa Web Albums, huduma ya Google ya albamu za picha. Aliyeingia huko akafuta albamu ili apunguze mrundikano, alifuta na picha za blogu yake bila kujua. Funzo la kiutendaji ni moja: picha ipakie mwenyewe kwenye blogu yako, usiiazime kwa anwani ya tovuti nyingine.

Kisha ipunguze kabla ya kuipakia. Picha ya simu ya leo ina megabaiti 3 hadi 5. Andiko lenye picha kumi za megabaiti 4 linamla msomaji megabaiti 40 za bando kwa kusoma aya sita. Punguza upana uwe pikseli 1200, hifadhi kwa JPEG ya ubora wa asilimia 75 hadi 80, na nyingi zitashuka hadi kilobaiti 150 au 200. Kumi zitakuwa megabaiti 2 au pungufu, na jicho halitaona tofauti kwenye simu. Ile picha asilia kubwa usiitupe, ikae kwenye folda zako. Na chini ya kila picha andika mahali, mwezi, mwaka na aliyepiga. "Ukodak wa leo", yaani picha ya leo, hautamsaidia mtu yeyote baada ya miaka kumi na tano.

Viungo vinahitaji uvumilivu tu. Fungua andiko la zamani, bonyeza kila kiungo. Kilichokufa kitafute kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandaoni iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001: bandika anwani ya zamani, chagua tarehe iliyo karibu na siku andiko lako lilipotoka, chukua anwani ya nakala na uibadilishe. Kibaya kuliko kiungo kilichokufa ni kiungo kilichofufuka kikiwa na mwenyewe mwingine. Jina la tovuti likiisha muda hununuliwa na wengine, na kiungo ulichowapa wasomaji kwenda kwenye jarida la mashairi leo kinafungua ukurasa wa kubeti. Msomaji anaona ni wewe uliyempeleka huko. Viungo ishirini kwa jioni moja vinatosha. Ukitaka kumaliza vyote siku moja utachoka na hutarudi. Ukiwa hapo hapo, pekua pia maoni ya wasomaji, maana matangazo ya kubeti na ya mikopo hupenda kujificha chini ya maandiko ya 2010 ambayo hakuna anayeyatazama.

Sasa nije kwenye kusoma upya, sehemu ninayoiona nzito kuliko zote. Chukua maandiko ya mwaka mmoja, yasome kwa mpangilio, na kalamu mkononi. Kwanza winda maneno ya wakati: leo, jana, juzi, wiki iliyopita, mwaka huu, rais wa sasa, noti mpya. Maneno haya yalikuwa wazi siku yanaandikwa. Sasa ni giza. Pili, majina ya mahali. Andiko la 2009 linaloiweka Tunduma mkoani Mbeya lilikuwa sahihi wakati ule, lakini tangu 2016 mji huo uko Songwe. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilifanywa mikoa mwaka 2012. Kwa Kenya, maandiko ya kabla ya 2013 yanataja mikoa na wilaya, mahali ambapo msomaji wa leo anatafuta kaunti. Tatu, bei na saa. Bei bila tarehe haina maana. Na "saa mbili" iandikwe "saa 2 usiku" au "saa 2 asubuhi", kwa sababu msomaji aliye Muscat au Toronto anayepitisha andiko kwenye programu ya kutafsiri ataletewa saa nyingine kabisa.

Ukishaviona, usifute. Huu ndio ugonjwa wa waandishi wenye bidii: wanaingia, wanabadili sentensi ya 2009 iseme ya leo, wanabonyeza kuhifadhi. Andiko linabaki na tarehe ya 2009 likiwa na maarifa ambayo mwaka huo hayakuwapo, na maoni ya wasomaji chini yake yanajibu maneno yasiyoonekana tena. Acha maneno ya awali yalivyo. Juu kabisa, kwa herufi za kawaida, weka mstari mmoja: "Nyongeza ya 14 Machi 2025: Tunduma sasa iko Mkoa wa Songwe. Bei zilizotajwa hapa ni za Juni 2009." Kosa la tahajia rekebisha bila kutangaza. Kosa la ukweli litangaze. Na ukikuta msimamo wako mwenyewe uliokwisha kuuacha, andika andiko jipya linaloeleza kwa nini umebadilika, weka kiungo kutoka la zamani kwenda jipya na kutoka jipya kurudi la zamani. Hapo msomaji anapata kuona fikra zikitembea, na sioni mahali pengine popote katika maandishi ya Kiswahili ambapo mtu wa kawaida anaweza kuonyesha hilo kwa tarehe.

Kuna vitu vinavyopaswa kuondolewa kweli: namba za simu za watu, picha za watoto wa watu wengine, habari za ugonjwa wa mtu aliyetajwa kwa jina. Miaka ile tulikuwa hatuwazi. Leo Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na ya Tanzania, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ni ya 2022. Sheria pembeni, ni heshima ya kawaida. Ondoa, kisha andika kwamba kuna kilichoondolewa na tarehe yake.

Anwani ya andiko usiiguse. Kwenye Blogger, kubadili kichwa cha andiko lililokwisha kutoka hakubadili anwani yake, kwa hiyo uko salama. WordPress inakuruhusu kuibadili, na ukifanya hivyo weka maelekezo ya kudumu yanayompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya, la sivyo anayefuata kiungo cha aliyewahi kukunukuu anaweza kuangukia ukurasa wa kosa. Lebo nazo zipunguze. Blogu yenye "mapishi", "upishi", "chakula" na "vyakula" kama lebo nne imemficha msomaji robo tatu ya anachotafuta. Teua moja. Na neno lenye maandishi mawili, kama muhogo na mhogo, yatumie yote mawili angalau mara moja ndani ya andiko, maana watu hutafuta kwa yote.

Aliyenunua jina lake la tovuti alilipie miaka kadhaa kwa mpigo kama anaweza, na barua pepe ya kukumbushwa iwe anayoifungua kila siku. Kwa majina ya .com, likiisha muda kuna kipindi cha neema kinachotegemea msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, hakizidi siku 45, kisha siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo ni la yeyote. Ajali ya kawaida ni hii: aliyesajili ni fundi aliyekutengenezea blogu, jina liko kwa barua pepe yake, naye hapatikani tena. Hakikisha mapema limesajiliwa kwa jina lako.

Lililo gumu kulisema ni la mrithi. Mwandishi akifariki, neno lake la siri huzikwa naye. Blogger inaruhusu kumwalika mwandishi wa pili na kumpandisha kuwa msimamizi. Fanya hivyo kwa mtu mmoja unayemwamini, ni kazi ya dakika tano. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vilivyomo, na Google hiyo hiyo ina mpangilio wa akaunti isiyotumika: unachagua miezi 3, 6, 12 au 18, na unataja watu wasiozidi kumi watakaojulishwa na kupewa data utakayoiruhusu. Mwambie huyo mtu kwa mdomo pia, ajue kuna nini na kiko wapi.

Nimalize na ninyi, Mhariri. Magazeti yetu hunyanyua maelezo na picha kutoka blogu za watu na kuandika chini yake "Chanzo: Mtandao" au "Picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao hauna hisani wala kamera. Blogu ile ikishakufa, gazeti linabaki ndilo ushahidi pekee kwamba kitu kile kiliwahi kuwapo, na ushahidi wenyewe hautaji mtu. Naomba kila mnaponukuu blogu mchapishe mambo manne: jina la mwandishi, jina la blogu, anwani kamili ya andiko na tarehe mliyolisoma. Mistari miwili ya herufi ndogo chini ya habari inatosha. Na kabla ya kuchapa, dawati lenu lipeleke anwani hiyo Internet Archive, kwenye kisanduku cha kuhifadhi ukurasa sasa hivi. Ni bure, na huchukua dakika moja au mbili.

Mtunza blogu,
Tanga