Jioni ya picha na nyimbo: mchoraji naye ni mtambaji

Ndugu Mhariri,

Tupe nafasi katika safu ya barua tuseme neno kuhusu jioni zinazochanganya utambaji wa hadithi, uchoraji wa sura na uimbaji. Wanaoziandaa wana nia njema, ila kosa moja linajirudia. Mchoraji anasimamishwa pembeni ya jukwaa awe pambo, waimbaji wanaimba nyimbo walizozoea za harusini, na mtambaji anasimulia jambo la tatu. Mwishoni picha inanadiwa, mnunuzi anapigwa picha, watu wanatawanyika. Hadithi hakuna. Dawa yake ni kupanga uimbaji ufuate hatua za mkono wa mchoraji. Wimbo unaweza kurefushwa au kukatwa papo hapo. Rangi ikishaanza kukauka haimsubiri mtu.

Wapo wanaosema mchanganyiko huu ni uigaji wa kigeni. Wakumbuke Lubumbashi, Kongo. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo mia moja, Lumumba akiwamo, na akazieleza kwa Kiswahili cha kwao. Picha za aina hiyo watu walizitundika sebuleni ili zizungumziwe. Na tenzi zilighanwa mbele ya hadhira miaka mingi kabla ya kumbi zenye taa za umeme.

Tuchukue mfano ambao wasomaji wengi wanaufahamu: jioni ya kumsimulia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, akafinyanga na kuuza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Maisha hayo yana vituo vinavyoonekana, kwa hiyo yanachoreka. Tena kuna jambo linalomfanya afae kuliko wengi: alikejeliwa kwa sura yake, naye akajibu kwa wimbo kwamba uzuri si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mchoraji anayempaka weupe na kumchonga pua ili apendeze amejiunga na waliomkejeli.

Jioni nzima isizidi dakika 75. Hatua ya kwanza, kama dakika 15, ni ya vivuli vikubwa peke yake: nywele au mtandio, upande wa shavu ulio gizani, chini ya kidevu. Bado hakuna macho wala mdomo. Hapa utenzi ndio unaofaa, kwa kuwa ubeti wa vipande vinne vya mizani 8 ukighanwa kwa utulivu huchukua sekunde 12 hadi 15. Dakika 15 ni beti 60 hivi, na mchoraji akijua kuwa ubeti wa 40 ndio wa shingo, atafika shingoni kwa wakati. Ubeti wenyewe unaweza kuwa kama huu, tuliouandika kwa mfano tu:

Kutoka Fumba akaja
na vyungu vyake pamoja
mjini akavitaja
kwa sauti ya kuvuma.

Sauti inapotajwa, brashi iwe kooni. Hadhira haihitaji kuelezwa, inaona.

Hatua ya pili ni dakika 20 za rangi za ngozi na nguo, nayo inabeba mashairi ya mizani 16 yenye kiitikio. Ubeti mmoja na kiitikio chake ni kama dakika moja. Kisha mchoraji aweke brashi chini kwa dakika 10, mtambaji abaki peke yake. Mapumziko hayo si ya chai. Ni ya kuacha tabaka la chini likauke, maana rangi ya juu ikipakwa mapema huinua ile ya chini na uso unakuwa tope. Hatua ya mwisho, dakika 20, ni pua, mdomo, na mwisho kabisa macho. Wachoraji wengi hukimbilia macho mwanzoni kwa sababu watu hupiga makofi wakiyaona. Makofi hayo ya mapema ndiyo yanayoua hadithi, kwani mtu akishatazamwa na picha anaona kazi imekwisha na anageukia simu yake.

Sasa vifaa. Kwa watu 100, kanvasi isipungue sentimita 90 kwa 120, na uso wenyewe uwe na urefu wa sentimita 55 hadi 60 kutoka utosini hadi kidevuni. Uso wa ukubwa wa kawaida hauonekani vizuri kuanzia safu ya nne kwenda nyuma. Kanvasi ipakwe mapema rangi nyepesi ya udongo, kwa sababu nyeupe tupu chini ya taa humwumiza macho mchoraji na humdanganya: kila rangi anayoiweka huonekana nyeusi mno, anaipunguza, na uso unatoka umepauka. Mistari hafifu ya vipimo ichorwe mchana. Kuna wanaoona huo ni udanganyifu. Sisi tunaona ni sawa na mwimbaji kufanya mazoezi. Vipimo ni vile vile vya siku zote: macho yako katikati ya utosi na kidevu, upana wa uso ni kama macho matano, na kati ya jicho na jicho kuna nafasi ya jicho moja. Ukipandisha macho juu, kosa linalotokea zaidi, paji linakuwa fupi na mtu mzima anafanana na kinyago.

Rangi iwe akriliki, ile inayochanganywa na maji. Rangi ya mafuta ni nzuri studio, lakini haikauki usiku huo, na tina inayotumika kusafishia brashi hukera koo la mwimbaji aliye mita tatu tu kutoka hapo. Vivyo hivyo mkaa na dawa ya kupuliza ya kuushikisha: vumbi na harufu vyote vinaingia kwenye sauti. Rangi za kung'aa za makopo wanazotumia wachoraji wa Tingatinga zina kazi yake, ila chini ya taa za jukwaa zinameta kiasi kwamba nusu ya ukumbi inaona mng'ao, haioni uso. Shida ya akriliki ni kukauka upesi, hasa kwenye joto la taa na feni. Tandika sponji iliyoloweshwa kwenye trei ya bati, juu yake weka karatasi ya kuokea, na rangi zipange hapo. Zitabaki mbichi jioni nzima. Chupa ndogo ya kunyunyizia maji iwe mkononi.

Kwa ngozi nyeusi, usichukue nyeusi ya kopo kutia kivuli. Inatoa kijivu mfu. Changanya kahawia nzito na bluu nzito, upate giza lenye uhai. Kwenye mashavu ongeza nyekundu ya udongo, na pale mwanga unapogonga paji na ncha ya pua weka mguso wa bluu iliyochanganywa na nyeupe kidogo, usiweke nyeupe tupu. Picha za zamani zilizobaki ni nyeusi na nyeupe, hivyo hazimwambii mchoraji lolote kuhusu rangi. Njia ya uhakika ni kumkalisha siku chache kabla mwanamke wa umri unaofanana chini ya taa zile zile na kuchanganya rangi ukimtazama yeye, huku umbo likifuata picha ya zamani. Na taa hizo ziwe nyeupe ya wastani. Taa za njano humfanya mchoraji apunguze njano bila kujua, na asubuhi, picha ikitolewa nje, uso umegeuka wa zambarau. Taa iwekwe juu upande mmoja, kama nyuzi 45, ili mng'ao uangukie sakafuni.

Mgongo wa mchoraji nao ni tatizo linalosahauliwa. Anayetumia mkono wa kulia asimame upande wa kushoto wa kanvasi, mkono uvuke, mwili ubaki pembeni. Wa kushoto afanye kinyume. Brashi ziwe na mpini mrefu, au zifungwe kwenye ufito. Brashi tatu zinatosha: ya sentimita 6 kwa vivuli, ya sentimita 2 na nusu kwa rangi, na moja nyembamba ya mwisho. Akiwa nazo kumi na tano atajaribu kuzitumia zote.

Upande wa sauti, tunapendekeza waimbaji sita hadi wanane bila ala, au na udi mmoja tu. Kinanda cha umeme kina tabia ya kujaza kila nafasi, na hadithi inahitaji nafasi. Lakini kuimba bila ala kuna mtego wake: sauti hushuka. Kundi linaanza vizuri, pumzi zinachoka, noti za kuteremka zinateremshwa kupita kiasi, na baada ya dakika 12 wote wameshuka nusu noti pamoja bila yeyote kugundua. Inagundulika pale udi unapoingia, na hapo aibu ni ya ukumbi mzima. Kiongozi apewe noti upya katika kila mwanzo wa wimbo, kwa sauti ndogo, kutoka kwenye udi au programu ya simu yenye kisikizi cha sikioni. Waimbaji wasimame, wasikae. Na maji yasiwe ya barafu.

Maneno yasikike. Kiswahili kinamaliza maneno kwa irabu, basi mwangwi ukizidi, mwisho wa kipande kimoja unameza mwanzo wa kinachofuata na vina vyote vinakuwa uji. Mwambieni fundi mitambo azime mwangwi kabisa, kisha aongeze kidogo kidogo mpaka aliye safu ya mwisho aseme bado anaelewa. Vipaza sauti viwili mbele ya kundi, umbali wa mita moja na nusu, vinafanya kazi nzuri kuliko wanane kila mmoja na chake, wakikishika kama aiskrimu.

Halafu kuna kutunza, yaani kuwapa waimbaji fedha. Katika taarabu watu wana haki ya kuinuka na noti mkononi, wakicheza hadi mbele, na hakuna mwandaaji atakayeizuia bila kuharibu usiku. Ila mtunzaji aliyekolea hupita mbele ya kanvasi, na kuna hatari ya pindo la dera kunasa mguu wa stendi. Wekeni waimbaji upande mmoja wa jukwaa na mchoraji upande wa pili, njia ya kupandia iwe upande wa waimbaji tu, na stendi ikandamizwe na viroba viwili vya mchanga, kilo 10 kila kimoja. Fedha za tuzo ziingie kapu moja na zigawanywe kwa makubaliano ya kabla, mchoraji akiwamo. Haielekei mtu afanye kazi jioni nzima huku anatazama wenzake wakitunzwa.

Kwa wanaopanga kufanyia nje, tuseme kwenye uwanja wa Ngome Kongwe pale Unguja, wajue kanvasi ya ukubwa huo ni tanga. Wakati wa kusi ifungwe kwa kamba nyuma, si viroba peke yake. Onyesho lianze baada ya isha, saa 2 na robo usiku hivi, ili adhana isikutane na utenzi. Na kama kuna jirani au mzee asiyependa sura za watu kuchorwa, azungumzwe naye kabla ya mabango kubandikwa. Akikutana nayo ukutani tayari, mazungumzo yanakuwa magumu.

La mwisho ni karatasi. Kama mnaimba beti za mtunzi mwingine, ruhusa itafutwe kwake au kwa chama kinachosimamia haki zake; ulizeni ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania Bara au COSOZA kwa Zanzibar. Aliyepiga picha mnayochora kutokana nayo naye huenda ana haki yake. Andikeni mapema picha ni ya nani baada ya onyesho, nani ana ruhusa ya kuirekodi video, na mchoraji atalipwa kiasi gani hata isiponunuliwa. Ikinunuliwa, mnunuzi asikabidhiwe usiku huo. Akriliki iliyokauka juu bado ni laini ndani. Ikiegemezwa kwenye kiti cha gari inanata na kubanduka. Ikae wiki mbili ikiwa wima, ipakwe vanishi isiyong'aa, ndipo itoke, na isikunjwe kamwe.

Sisi wachoraji wa sura na waimbaji,
Dar es Salaam na Unguja