Usimpe fundi wembe wa babu

Isevya, Tabora
23 Novemba

Swahiba wangu Hamisi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza na maembe nayo yanaiva. Nisalimie shemeji na wazee wote wa Ujiji.

Picha za wembe wa kukunja wa marehemu babu nimezipata, na swali lako limenikosesha raha. Unasema fundi wa hapo Mwanga yuko tayari kuuweka kwenye jiwe la mashine ung'ae kama mpya. Nakuomba usimpe kabla hujasoma barua hii yote.

Ule weusi kwenye ubapa si kutu inayokula. Chuma cha zamani hubadilika rangi kwa miaka ya maji na sabuni, na weusi wa namna hiyo ukishatulia haukidhuru. Adui ni kutu nyekundu, ile inayoacha unga kidoleni. Katika picha naiona karibu na pini inayoushikiza ubapa kwenye mpini, na sehemu ile inayolala ndani ya mpini. Hiyo ishughulikie: tia mafuta ya cherehani, yaache yalale usiku kucha, kisha futa taratibu kwa kitambaa laini. Penye pini tumia kijiti cha mti. Mafuta ya kupikia usiyatumie, yanaganda na kunata. Unga mwekundu ukiisha, acha hapo hapo, hata kama vishimo bado vinaonekana. Kuvimaliza vishimo maana yake ni kukila chuma chote kinachovizunguka.

Jiwe la mashine linanitisha kwa sababu ubapa huo umechimbwa pande zote mbili, na kwenye makali chuma ni chembamba mno. Kinapata moto mara moja. Kikigeuka buluu ugumu wake umekwisha, hakitashika makali tena. Halafu kuna mgongo. Wembe wa kukunja hunolewa umelazwa, mgongo na makali vyote vikigusa kinoo, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaopanga pembe ya makali. Fundi akiupunguza ili ung'ae, kipimo kimepotea. Na umeona mgongo ulivyolika zaidi upande wa shina, pale chuma kisipo na makali karibu na pini? Ule ni mkono wa babu, Hamisi. Ndivyo alivyousukuma kwenye kinoo miaka yote aliyonyoa watu pale sokoni. Hakuna fundi atakayekurudishia hilo.

Kwenye shina pameandikwa Solingen, mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu na nyembe tangu kale. Sheria ya mwaka 1938 ililihifadhi jina hilo kwa vyuma vya huko. Mhuri huo umezama kidogo. Yale maua ya ubapani, yenye mabaki ya rangi ya dhahabu, hayana kina kabisa. Msasa ukipita tu, yamekwenda.

Sasa mpini, na hapa ndipo ninapotaka uharakishe. Usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha unuse. Ukinukia kafuri, ni seluloidi, ile plastiki ya zamani. Usijaribu kwa sindano ya moto wala kiberiti, seluloidi inashika moto vibaya sana. Ubaya wake mwingine ni kwamba ikizeeka huanza kuoza na kutoa hewa yenye asidi inayokula chuma, ndiyo maana kutu huanzia pale wembe unapolala. Kama ni pembe ya mnyama, ipake mafuta kidogo na uikinge na wadudu, basi.

Kuhusu kunyolea, sikukatazi. Kunoa makali kwa kinoo cha mkono si kuuharibu, wembe huo umenolewa maisha yake yote. Ila kwanza pitisha makali mbele ya taa uangalie kama yana ufa. Yakiwa na ufa, usiupeleke shavuni hata siku moja. Mimi ningenunua mwingine wa kunyolea, huu nikauhifadhi katika kitambaa kikavu cha pamba, wazi kidogo. Usiurudishe kwenye ala ya ngozi, hasa ninyi mnaopata unyevu wa ziwa; ngozi inashika maji.

Unuse leo leo. Kama ni kafuri nipigie, usingoje barua: itabidi pini ing'olewe na ubapa ukae mbali na mpini, na kazi hiyo nataka tuifanye pamoja nikija huko.

Wako,
Rajabu