Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: Turudishieni njia ya Arusha

Kyela, Mbeya

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,

YAH: TAMKO LA IBARA YA 34(6) LIRUDISHWE

Salaam na heshima zote. Mimi ni mkulima wa kakao na mpunga huku Kyela, upande wa Kasumulu. Si mwanasiasa wala sina kadi ya chama chochote. Mpaka yalipomkuta mdogo wangu sikuwa najua kama kuna kitu kinaitwa itifaki, yaani mkataba ulioanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, wala kwamba serikali iliwahi kutoa tamko la kuturuhusu wananchi kufika pale wenyewe, kisha ikalifuta. Nimejua kwa shida.

Juzi nilikaa na msaidizi wa kisheria, kijana mpole, akazipitia karatasi za hukumu ya mdogo wangu ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza akaniambia, "Mzee, hoja zipo. Ila kwa Arusha mmechelewa, mlango umefungwa." Jioni ile ile, kwenye taarifa ya habari, nikamsikia kiongozi akisema Tanzania itaendelea kuwa mstari wa mbele kutetea haki za binadamu ndani na nje ya nchi. Nilizima redio. Nakuandikia wewe kwa sababu mlango ule ulifungwa kwa barua iliyotoka wizarani kwako.

Mdogo wangu alikuwa anaendesha bodaboda. Alikamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kosa hilo halina dhamana. Kesi ikawa inapigwa tarehe, na kila tukienda jibu ni lile lile: upelelezi haujakamilika. Ulipokamilika, shahidi wa Jamhuri akaeleza kwamba alimtambua usiku kwa mwanga wa tochi. Gwaride la utambulisho halikufanyika. Wakili hatukuwa na uwezo wa kumweka, na hakuna aliyemwambia kijana wetu kwamba anaweza kuomba wa bure.

Siku hiyo nilikaa benchi la nyuma. Hakimu akamgeukia: "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?" Akasimama, akashika mbao za kizimba, akamtazama yule shahidi, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Sina swali, Mheshimiwa." Angejulia wapi cha kuuliza? Ameishia darasa la saba, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya hakimu. Alitakiwa aulize tochi ilishikwa na nani, ilimulika kutoka umbali gani, na huyo shahidi alimwona uso kwa muda gani. Hayo nimekuja kuyajua sasa, baada ya kuelezwa. Maisha ya mtu yalikuwa kwenye swali lile, na hakuna aliyekuwa upande wake wa kumnong'oneza.

Akafungwa miaka 30. Rufaa ya kwanza ikatupwa. Ya pili nayo ikatupwa, na juu ya hiyo hakuna mahakama nyingine ya rufaa nchini. Mama yetu ameuza nusu ya shamba la kakao kwa ajili ya nauli na kutoa nakala za mwenendo wa kesi. Watoto wa mdogo wangu nakaa nao mimi, na mkubwa ameanza kuuliza maswali ambayo sina majibu yake.

Mheshimiwa, yupo Mtanzania anaitwa Alex Thomas. Naye alifungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, naye hakuwa na wakili. Alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 20 Novemba 2015 Mahakama hiyo ikaamua kwamba haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa, ikiwemo kwa kutopewa msaada wa wakili. Niliposomewa uamuzi huo nilidhani nasomewa habari za nyumbani kwetu.

Aliweza kufika pale kwa sababu Machi 2010 serikali yetu iliweka tamko, chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki ya Mahakama hiyo, la kuruhusu mwananchi wa kawaida na asasi kupeleka malalamiko moja kwa moja baada ya kumaliza mahakama za ndani. Lilikuwa jambo la heshima kubwa, kwa sababu nchi nyingi za Afrika hazijathubutu kulifanya hadi leo. Halafu Novemba 2019 mkaandika barua ya kulifuta. Tangu tarehe 22 Novemba 2020 Mtanzania hawezi tena kufungua shauri jipya pale.

Sababu iliyotolewa ni kwamba tamko lilikuwa linatekelezwa kinyume na masharti tuliyoyaweka. Mimi si mwanasheria, lakini naona ipo sababu nyingine isiyosemwa: tulishitakiwa sana, na tukashindwa sana. Juni 2013 tulishindwa na Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, jirani zetu hapa Nyanda za Juu Kusini, kuhusu mgombea binafsi. Mpaka amefariki mwaka 2015 hajaona uamuzi ule ukitekelezwa, na sisi tuliobaki hatujauona. Na wiki moja tu baada ya barua yenu, tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ikasema sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kupima mazingira ya kosa inakiuka haki ya kuishi. Kama ndiyo hivyo, dawa ilikuwa kurekebisha sheria na kuwapa washtakiwa mawakili. Mkaamua tusifike kabisa.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili la jirani. Kutoka kwangu hadi Mto Songwe si mbali. Ng'ambo ni Malawi, wilaya ya Karonga. Tunauziana mchele, tunaoana, tunazikana, Mnyakyusa na Mngonde wanasikilizana bila mkalimani. Malawi ilitoa tamko hilo hilo mwaka 2008 na haijaliondoa. Kwa hiyo mtu wa Karonga akionewa, akimaliza mahakama za kwao, ana ruhusa ya kwenda Arusha. Akiamua kusafiri mwenyewe atavuka pale Kasumulu, atapita barabara hii ninayopita mimi na baiskeli yangu, atapanda basi Mbeya, apite Iringa na Dodoma mpaka Arusha, safari yote ndani ya ardhi ya Tanzania. Mimi mwenye ardhi nabaki namwangalia akipita.

Mahakama yenyewe tumeikaribisha sisi, ipo Arusha tangu 2007. Imewahi kuongozwa na Jaji wetu Augustino Ramadhani. Mwaka 2021 akachaguliwa Jaji Imani Aboud kuwa Rais wake, Mtanzania tena, na nchi ikampongeza. Nami nilifurahi. Ila fikiria, Mheshimiwa: Mtanzania alikalia kiti cha mbele mpaka mwaka 2025, na muda wote huo Watanzania wenzake hawakuruhusiwa kufungua shauri jipya.

Hatukuwa hivi. Marehemu baba yetu alifanya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake kwa walowezi wa Rhodesia. Kule Mgagao, Kilolo, wapigania uhuru wa Zimbabwe walifanyia mazoezi kwenye baridi ya Iringa, na wenyeji waliishi nao. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu 1963. Tulikuwa maskini kuliko leo, na tulijitwisha mzigo wa watu ambao hawakuwa hata raia wetu. Jina zuri mnalolitumia huko nje kwenye mikutano limetokana na jasho hilo, kwa hiyo nina haki ya kuuliza linanisaidia nini mimi hapa Kyela.

Gerezani anakofungwa mdogo wangu yupo mfungwa mwenzake, mtu mzima, kosa lile lile na kifungo kile kile. Yeye aliwahi kupeleka maombi yake Arusha kabla ya tarehe ile ya mwaka 2020, na shauri lake linaendelea. Wanalala chumba kimoja. Mmoja ana mahakama ya kumsikiliza, mwingine hana, na kilichowatofautisha ni kalenda. Kila nikienda kumwona, tukiwa tunapaziana sauti kwenye wavu pamoja na wageni wengine, mdogo wangu ananiuliza, "Kaka, serikali imerudisha?" Ananiuliza hilo kabla hajauliza habari za mama.

Sikuombi umtoe. Wala sikuombi useme kwamba hana hatia, maana hiyo si kazi yako. Najua pia kwamba mtu akishinda Arusha hatoki gerezani kesho yake. Ninachoomba ni asikilizwe mahali ambapo ataulizwa kama alikuwa na wakili.

Itifaki inaruhusu tamko kutolewa wakati wowote. Lilitolewa mara ya kwanza na serikali, likafutwa na serikali, na wizara iliyoyapeleka yote mawili ni hiyo unayoiongoza. Nimeelezwa vilevile kwamba Mahakama hupima kama mlalamikaji amefika ndani ya muda unaoridhisha baada ya kumaliza mahakama za kwao, ndiyo maana kila mwaka mnaokaa kimya unatuumiza.

Naomba tamko lirudishwe, Mheshimiwa. Narudia, lirudishwe. Na kama serikali imeamua kwamba halirudi, basi utuambie hadharani, kwa sauti ile ile mnayotumia kusema tuko mstari wa mbele, kwa nini mtu wa Karonga anastahili kusikilizwa Arusha na mtu wa Kyela hastahili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa kakao,
Kyela.

Nakala: Waziri wa Katiba na Sheria